Mume ni mwezi, mke ni jua, na kati yao meno mawili

Swali la msomaji: "Ninasomea ubunifu wa vifaa hapa Minsk, na kwa kazi ya kuhitimu nimechagua saa ya mkononi inayotokana na masimulizi ya Wabelarusi kuhusu jua na mwezi. Nilichora jua kama mfalme mwenye ndevu na mwezi kama malkia. Mwalimu wangu aliitazama michoro akasema nimekosea hata kabla ya kuanza, kisha akaniacha nitafute kosa mwenyewe. Kosa ni lipi? Na nifanyeje ili saa hii isiwe picha tu iliyobandikwa juu ya mtambo wa kawaida?"

Jibu: Mwalimu wako amesema kweli, ingawa kosa lenyewe si la kuonea haya. Umelichukua jua la kiume la Wagiriki na Wamisri ukalihamishia katika nchi ambayo nyimbo zake za vijijini zimeipanga mbingu kwa namna nyingine. Katika nyimbo za Kaliady, ambazo waimbaji huzipeleka nyumba kwa nyumba majira ya Krismasi, mmoja akiwa amebeba nyota juu ya mti na mwingine amejivika kuwa mbuzi, mwenye nyumba husifiwa kwa kuitwa mwezi mwangavu, mkewe huitwa jua, na watoto wao huwa ndio nyota ndogondogo. Sifa hiyo hurudi katika nyimbo nyingi za Waslavi wa Mashariki, ikiwa imebadilishwa maneno mawili matatu tu, kwa hiyo Mbelarusi aliyekulia katika nyimbo hizo akiona mfalme wako mwenye ndevu atajua mara moja kwamba mchoraji ni mgeni.

Lugha nayo inaunga mkono nyimbo. Neno la Kibelarusi la mwezi, miesiac, ni la jinsi ya kiume, na kama lilivyo neno letu "mwezi" linabeba maana zote mbili, ule unaong'aa na ule wa siku thelathini. Neno la jua, sonca, kisarufi si la kike wala la kiume, lakini katika sifa za Kaliady linakaa upande wa mke. Kiswahili hakikuweza kukuonya, maana jua na mwezi kwetu vimepewa ngeli, havikupewa ndoa. Tahadhari moja tu: nyimbo hazikubaliani zote. Katika nyimbo za harusi bwana harusi hubaki mwezi, ila bibi harusi mara nyingi huwa nyota, wala jua halitajwi. Chagua kundi moja la nyimbo ubaki nalo. Mimi ningechagua Kaliady, kwa sababu linakupa jambo ambalo mtambo wa saa unaweza kulitenda: nyumba moja, mume na mke, na zamu za kutoka nje.

Kabla sijaingia kwenye mtambo, neno fupi kuhusu Jaryla, anayesemwa kuwa mungu wa majira ya kuchipua, kwa kuwa najua utakutana naye. Picha ya kijana mzuri juu ya farasi mweupe, mwenye taji la maua na masuke ya rai (nafaka ya jamii ya ngano) mkononi, inapendwa sana na wabunifu, na inatokana na maandishi ya Pavel Shpileuski yaliyochapwa mwaka 1846. Watafiti wamekuwa na shaka kubwa juu ya miungu aliyoiorodhesha, na baadhi ya miungu hiyo inaonekana kuwa ni kazi ya kalamu yake zaidi kuliko ya vijiji alivyovitaja. Ukimweka Jaryla kwenye uso wa saa, mtahini mmoja makini atatosha kuiangusha hoja yako yote. Wimbo wa Kaliady hauna hatari hiyo.

Sasa tuje kwenye saa. Mwishoni mwa karne ya 17 mafundi wa London walitengeneza saa za mfukoni ambazo nusu ya juu ya uso wake ilikuwa na dirisha lenye umbo la upinde. Nyuma ya dirisha kulikuwa na sahani iliyozunguka mara moja kwa siku, upande mmoja ikiwa na jua na upande wa pili mwezi. Mchana jua lilielekeza saa kwenye upinde, na usiku mwezi ukashika zamu. Upinde ule uliandikwa kuanzia 6 hadi 6, na msemaji wa Kiswahili anayeutazama hahitaji maelezo, kwa kuwa ni hesabu yetu ileile ya saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, mchana kwa jua na usiku kwa mwezi. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoona saa ya namna hiyo nilicheka peke yangu.

Wabunifu wengi wanaotaka jua na mwezi hunakili sahani hiyo, na wewe pia utashawishika. Nakushauri usiinakili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba upinde wa 6 hadi 6 unaifaa Dar es Salaam, ambako mchana haupungui sana wala kuzidi sana saa 12 mwaka mzima, lakini Minsk unadanganya. Miji hiyo miwili inatumia majira yaleyale, saa tatu mbele ya Greenwich, hata ukimpigia simu mama nyumbani saa zenu zinasoma sawa. Ila jua halisomi sawa. Mwishoni mwa Juni jua la Minsk huchomoza kama saa 10:40 alfajiri na kuzama kama saa 3:45 usiku, yaani mchana wa saa 17 na dakika chache. Karibu na Krismasi huchomoza baada ya saa 3:20 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni, mchana usiofika saa 7 na nusu. Jua linalopotea kwenye dirisha saa 12 jioni, siku ya Kupalle, sikukuu yao ya kiangazi, wakati nje ya darasa lako bado linawaka, litachekwa.

Sababu ya pili ni ya ndoa. Kwenye sahani ya London jua na mwezi vimepigiliwa pande mbili zinazotazamana, kwa hiyo mume na mke hawatakutana milele. Angani sivyo ilivyo. Mwezi huchelewa kama dakika 50 kila siku nyuma ya jua; mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, nao mwezi unapokaribia kuandama jua huwa limeufikia na kutembea nao, ndiyo maana hatuuoni. Mara moja katika kila mwezi, basi, wenye nyumba wanakuwa chumba kimoja, na mara moja wanasimama kila mmoja ukuta wake. Hilo ndilo jambo ambalo saa yako inaweza kulisema na mchoro usiweze.

Mtambo wake ni mwepesi kuliko unavyodhani. Chukua magurudumu mawili yenye kitovu kimoja, la jua likiwa na meno 57 na la mwezi meno 59, yote mawili yakisukumwa na gurudumu dogo moja lenye meno 19. Jua likimaliza mzunguko mmoja kwa saa 24, mwezi utakuwa umebakiza meno mawili kufika ulikoanzia, na mzunguko wake utachukua saa 24 na dakika 50 na nusu hivi, ambao ni mwendo wa mwezi wa kweli kwa wastani. Baada ya siku 29 na nusu jua litakuwa limeufikia tena. Ndoa yote imo katika tofauti ya meno mawili. Wazo hili si langu: saa kubwa ya mnara wa Prague, ambayo sehemu yake ya kale ni ya mwaka 1410, imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo ya magurudumu yenye idadi ya meno inayokaribiana, yakisukumwa pamoja.

Ili gurudumu lako dogo lizunguke kwa kasi inayotakiwa, funga juu ya gurudumu la saa, lile linalobeba mshale mfupi na kuzunguka mara moja kwa saa 12, duara la meno 36. Duara hilo lisukume gurudumu la meno 24 lililounganishwa na lile la meno 19. Ukipiga hesabu utaona kwamba hilo la mwisho linazunguka mara tatu kwa siku, nayo mara tatu ya 19 ni 57, kwa hiyo jua linapata mzunguko mmoja kamili. Mwelekeo nao unatoka sawa bila gurudumu la ziada: kila linaposukuma jingine mwelekeo hugeuka, na baada ya kugeuka mara mbili jua linarudi kufuata mishale. Hivyo ndivyo mtu wa Minsk anavyoliona, kwa kuwa hulitazama akielekea kusini, likitoka kushoto kwake na kwenda kulia. (Dar es Salaam mwezi Juni jua hupita kaskazini, na anayelitazama huliona likienda upande mwingine, siku ukibuni saa ya nyumbani utaligeuza.) Kwa kuwa magurudumu ya meno 57 na 59 yatashikana na gurudumu moja kwa umbali uleule wa vitovu, itabidi meno ya moja yakatwe kwa ukubwa tofauti kidogo na ya jingine. Mweleze jambo hilo fundi atakayekukatia meno kabla hajaanza.

Hesabu ya siku 29 na nusu si kamilifu. Mwezi wa angani huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44, hivyo saa yako itakuwa ikitangulia dakika 44 kila mwezi, na siku nzima baada ya miaka miwili na miezi saba hivi. Usihangaike nalo. Saa nyingi zenye dirisha la mwezi zina sahani ya meno 59 na kosa lilelile, na wenye nazo wanaishi. Ila gurudumu la mwezi liache lishikwe na msuguano wa springi nyembamba badala ya kupigiliwa, ili lisogezwe peke yake pale inapohitajika.

Kwa mtambo wa msingi, tafuta Unitas 6497 au nakala zake. Ni wa kutiwa ufunguo kwa mkono, una kipenyo cha milimita 36.6 na unene wa milimita 4.5, na vyuo vingi vya ufundi wa saa huufundishia kwa sababu sehemu zake ni kubwa na zinaonekana. Wenyeji wako watakuuliza kwa nini hukutumia mtambo wa Luch, kiwanda cha saa cha Minsk kilichoanza mwaka 1953, ambacho jina lake maana yake ni mwale. Swali lao litakuwa la haki. Mitambo ya Luch ya kutiwa ufunguo, hata hivyo, ni midogo, na kwa magurudumu ya kuongeza utahitaji nafasi. Kutoka Luch chukua kitu kingine: wana saa yenye mshale mmoja tu, ambao husomwa kwa kukadiria kati ya alama. Saa yako tayari ina jua na mwezi vinavyotembea. Mishale mitatu juu yake itakuwa vurugu. Mshale mmoja mwembamba wa fedha unatosha.

Juu ya uso, jua likae juu ya mwezi, likiwa limebebwa na mkono mwembamba, ili siku za mwandamo mke amfunike mume asionekane kabisa. Jua lifike kileleni si saa 6 mchana bali saa 7:10, maana Minsk iko mbali magharibi ya nyuzi za longitudo ambazo majira yake yanazifuata. Ligeuze nyuzi 17 na nusu tu na kosa hilo litakwisha. Kisha kwenye ukingo chora mistari miwili myembamba ya upeo wa macho, mmoja wa Kupalle, ambao jua hutumia nyuzi zipatazo 255 juu yake, na mmoja wa Kaliady, ambao hulipa nyuzi 111 tu. Mvaaji ataona mwenyewe jinsi mke wa nyumba hiyo anavyokaa nje kutwa wakati wa kiangazi na kujifungia ndani wakati wa baridi.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda zaidi. Alfajiri ya Kupalle, baada ya usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai ambao watu huwasha mioto, huelea mashada ya maua mtoni na kulitafuta ua la mkangaga ambalo halijapata kuonekana na mtaalamu yeyote wa mimea, wanavijiji walikuwa wakisubiri kuchomoza kwa jua, kwa sababu inasemekana asubuhi hiyo jua hucheza: hutetemeka, hubadili rangi, hutawanyika na kujikusanya tena. Mbunifu wa kawaida akisikia hivyo atataka kijimota au vito vingi. Wewe tumia bua la rai.

Usukaji wa mabua ni ufundi ambao Belarus imeulinda vizuri, hata UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2022, na yapo malango ya madhabahu ya makanisa yaliyopambwa kwa mabua badala ya dhahabu, kwa mbali usiweze kutofautisha. Bua likipasuliwa kwa urefu, likalainishwa na kubanwa, linakuwa utepe bapa wenye ngozi inayong'aa, na mng'ao wake hufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Kata vipande vyembamba, uvibandike vikitoka katikati kama miale, kila kimoja kikielekea pembe yake. Mvaaji akigeuza kiganja kidogo tu, miale mitatu itawaka na mitatu itazimika. Akigeuza tena, zamu itabadilika. Jua litacheza bila gurudumu hata moja la ziada. Kampuni kubwa za anasa kama Hermès na Cartier zimekwisha kutengeneza nyuso za saa kwa mabua, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba haiwezekani. Ila kwao bua ni pambo, na kwako ni mke wa nyumba, mmea uleule ambao jua liliuivisha. Unyevu ndio adui wake, basi kasha lifungwe vizuri, na vanishi iwe kidogo sana, kwa sababu ikizidi itaua mng'ao uliokuwa ukiutafuta.

Mwezi uwe wa fedha, na uwe mviringo kamili. Kwanza, utaepuka ubishi wa hilali, maana ya Minsk husimama kwa ubavu na ile uliyoizoea pwani hulala kama jahazi. Pili, mviringo unakupa nafasi ya madoa. Wabelarusi wanasimulia kwamba madoa ya mwezini ni ndugu wawili, mmoja amemwinua mwenzake juu ya uma wa kukusanyia nyasi. Wengine huwaita Kaini na Abeli. Wachonge kwa kina kidogo sana, wasomeke kwa kioo cha fundi tu. Picha ya mauaji kwenye mkono wa mtu ikionekana kwa mbali itaharibu utulivu wa nyumba, lakini ikikosekana mwezi wako utakuwa sarafu tu.

Usuli wote uwe wa enameli (kioo cha rangi kinachoyeyushiwa juu ya chuma) ya bluu nzito, nyota zikiwa nuktanukta za fedha. Enameli hapo ina mizizi: msalaba wa Mtakatifu Euphrosyne wa Polatsk, uliotengenezwa na fundi Lazar Bohsha mwaka 1161 na kupotea mwaka 1941, ulipambwa kwa enameli iliyotengwa kwa nyaya nyembamba za dhahabu. Kati ya nyota zako, kusanya sita karibukaribu. Hicho ni Kilimia, ambacho wenyeji wako wanakiita chekecheke, na bibi yeyote wa kijijini atakitambua bila kuambiwa.

Kuhusu nakshi, wengi watakushauri uweke ile ya bendera ya Belarus, iliyochukuliwa kutoka kitambaa alichofuma Matrona Markevich mwaka 1917 na kuitwa jua linalochomoza. Kwa jina ingefaa sana. Kwa leo hii, hata hivyo, bendera hiyo ni suala la siasa kali, na atakayeiona hatafikiria wimbo wa Kaliady. Mishipi ya Slutsk nayo, pamoja na uzuri wake wa nyuzi za dhahabu na fedha, ilikuwa mavazi ya mabwana wa karne ya 18, haikuwa ya nyumba inayoimbiwa na mbuzi. Mkanda wa kitani cheupe wenye ufumaji mwekundu, kama wa taulo za sherehe za kijiji cha Neglubka, ndio unaolingana na wimbo wako.

Nyuma ya kasha usiandike jina lako kwa herufi kubwa. Zamani aliyeumwa jino alitoka nje kuuelekea mwezi mchanga na kuuliza kama umefika kwa wafu, na kama meno yao yanauma. Mwezi ukijibu kwamba hayaumi, naye huomba yake yatulie vivyo hivyo. Jino moja dogo lililochongwa chini ya hilali litamchekesha kila Mbelarusi mzee atakayeligeuza kasha.

Kabla ya kugusa chuma, kata magurudumu mawili ya karatasi ngumu, ya meno 57 na 59, uyatobolee pini na kuyazungusha kwa kidole mbele ya mwalimu wako mpaka jua liufunike mwezi. Zungusha mara ishirini na tisa na nusu, ukihesabu kwa sauti. Atakapouliza kwa nini mwezi umebaki nyuma, utakuwa na jibu.